Nilivyosafisha Programu ya Pampu ya Munje

Aliyewakosesha waumini wa Munje maji ya udhu siku ya Ijumaa ni mimi, karani mstaafu wa masjala ya Matuga. Nalitanguliza hili ili pasiwe na utata.

Pampu ya msikiti wetu huendeshwa na kompyuta. Programu yake huunganishwa kutokana na vipande vingi vilivyofungwa katika jalada moja, na amri iitwayo "ar" huviorodhesha pamoja na tarehe zake. Nami, niliyejifunza amri hizo baada ya kustaafu, niliona vipande ambavyo havikurekebishwa kwa miaka mingi. Masjalani, jalada lisiloguswa huteketezwa. Nikaviondoa vyote, nikajipongeza.

Ijumaa, mjukuu wangu Mwanaisha, mtunzi wa programu hiyo, alibadilisha jambo dogo akaiunda upya. Ikakataa kuungana. Mabomba yakakauka, watu wakiwa wamekwisha kukunja mikono ya kanzu.

Nilisimama mbele yao nikataka mhalifu atajwe hadharani.

"Shikamoo babu," akasema Mwanaisha, macho kwenye kioo cha kompyuta. "Kipande kinachofungua pampu kimeondolewa, na aliyeingia kwa nywila ya kamati ni wewe."

"Kilikuwa kikongwe. Hakijarekebishwa tangu kiandikwe."

"Kwa sababu hakijapata kukosea, babu."

"Ama wewe, mzee mwenzangu," akadakia muadhini, "tungekurekebisha kila siku."

Kwa hiyo naitaka kamati ya msikiti inijibu kwa maandishi, kabla ya Ijumaa ijayo: ni nani aliyenipa nywila?