Pipa la Kijani la Nyumba Nne

Kwanza nikueleze jinsi tulivyofika mahali pa kumlipa mtu atuondolee nyasi, maana ukiambiwa hivyo tu unaweza kudhani tulikuwa na homa.

Tunaishi nyumba nne ndani ya geti moja, hapa Kaaga, mjini Meru. Kila nyumba ina kipande cha nyasi mbele, ua wa miti ya kayaba pembeni na mparachichi nyuma. Mvua ikinyesha, nyasi hazimngoji mtu. Zikikatwa zinakuwa rundo, na kwa watu waliolelewa shambani, kama sisi sote tulivyolelewa, rundo la nyasi lilikuwa na maana moja: chakula cha ng'ombe. Mama zetu walitelemka hadi mtoni wakitafuta rundo kama hilo. Lakini jirani zangu walikuwa wamehamia mjini, na walipofika walianza kwa kusahau kile walichokijua vizuri kuliko vyote.

Basi kamati ikaketi. Mwenyekiti wetu, bwana anayeuza bima na ambaye baba yake bado analima viazi Kibirichia, alisema esteti za maana zina pipa la kijani la taka za bustani, na gari la kulimwaga kila Ijumaa. Pipa kwa kila nyumba lilikuwa ghali, kwa hiyo tungechangia moja kubwa, lenye magurudumu na kifuniko. Watu walipiga makofi. Hao ndio watu ambao kila msimu huagiza magunia ya samadi kutoka hukohuko Kibirichia ili mawaridi yao yasinyauke. Nimefundisha kilimo maisha yangu yote ya kazi, na katika wanafunzi wangu wote, hata wale waliolala darasani, sikumbuki aliyewahi kuwaza ujinga wa kiasi hicho.

Ningecheka nikaishia hapo, lakini kulikuwa na mtu ambaye pipa hilo lilimgusa tumboni. Mama mmoja anayeishi bondeni, upande wa pili wa barabara, ana ng'ombe mmoja wa maziwa. Kishamba chake hakitoshi kupanda nepia ya kumlisha. Kwa miaka kadhaa alikuwa akija mara mbili kwa wiki na mundu wake, anakata nyasi zetu, anafunga mzigo, anaupachika mgongoni kwa kamba ya kichwani na kushuka nao. Hatukumlipa wala hakutulipa. Mara kwa mara aliacha debe la samadi mlangoni. Mwaka huo ng'ombe wake alikuwa na mimba kubwa, kiangazi kilikuwa kikali, na maziwa ya uzao huo ndiyo ambayo nyumba yake yote ilikuwa ikiyangojea.

"Mwalimu, huyu akizaa tu, tumepumua," aliniambia.

Pipa lilipofika, akaambiwa getini asiingie tena.

Nilimwendea mwenyekiti. Nilimkuta na jirani yangu wa nyumba ya pili, mama mwenye duka la dawa, wamesimama kando ya pipa wakilitazama kama watu walionunua gari.

"Mwalimu, sisi hatuna shida na yule mama," mwenyekiti alisema. "Shida ni ile kamba ya kichwa. Mgeni akiingia aone mtu amebeba majani hapa ndani, atasema nini?"

"Atasema mna ng'ombe."

Mama wa duka la dawa akacheka. "Wewe nawe, mwalimu! Hapa ni esteti. Mambo ya kubeba majani tuliachia nyanya."

"Nyanya yako alikusomesha kwa hayo majani."

"Sasa si ndiyo maana nikaacha!"

Tabia yangu ni kueleza. Siamini kuna mtu asiyeweza kuelewa akielezwa polepole. Jumapili, baada ya kanisa, niliwakusanya wote, nikachora kwenye kipande cha katoni: nyasi, mshale, ng'ombe, mshale, samadi, mshale, waridi. Niliuliza maswali, nikamsifu kila aliyejibu. Walijibu vizuri mno. Mwenyekiti alisema hajawahi kuielewa mboji namna hiyo tangu azaliwe. Kisha wakakubaliana, bila hata mmoja kupinga, kwamba mama yule asiingie. Kuna watu ambao kwao kuelewa ni burudani kama kutazama mpira. Ikiisha, wanaenda kula.

Mwishowe walinipa kitu kidogo ili ninyamaze. Alhamisi alasiri pipa lingesukumwa nje ya geti kulisubiri gari la Ijumaa, na yule mama angeruhusiwa kuchota nyasi humo. Nje, kando ya barabara, mahali ambapo aibu yake isingetuangukia. Nami nikafurahi! Nilitelemka bondeni mwenyewe kumpelekea habari hiyo kama mtu aliyeshinda kesi.

Pipa la watu wote, hata hivyo, halina mwenyewe. Wiki ya kwanza nilikuta nepi juu ya nyasi. Ya pili, chupa iliyovunjika na waya wa uzio. Nikabandika karatasi kwenye kifuniko, herufi kubwa: HIKI NI CHAKULA CHA NG'OMBE. Wakasema mwandiko wangu ni mzuri. Siku moja nilimkuta mwenyekiti mwenyewe akitumbukiza mfuko wa nepi za mjukuu wake.

"Lakini mwalimu, si nepi pia huoza?"

"Huoza, mwenyekiti, ila wewe utatangulia."

Nilianza kuvaa glavu kila Alhamisi na kuchambua pipa kabla ya mama kufika. Nilitoa vyuma, nilitoa vigae, nilitoa uchafu wa watu wenye shahada. Nilikuwa na fahari nayo kazi hiyo. Akija, namwonyesha pipa safi, naye ananishukuru, anajaza gunia lake na kwenda.

Sasa hapa nikueleze jambo ambalo nimelieleza darasani mara nyingi kuliko ninavyoweza kuhesabu. Nyasi zetu, ambazo humwagiliwa maji hata kiangazi, hukatwa Jumamosi. Nyasi mbichi zikishindiliwa kwenye chombo kilichofunikwa, juani, siku tano, hazikauki. Zinachemka. Kuvu inaingia, unaona unga mweupe katikati ya majani, na harufu yake ni ya chumba kilichofungwa muda mrefu. Chakula chenye kuvu kinaweza kumfanya ng'ombe mwenye mimba aitupe. Mkono wangu ulihisi joto hilo ndani ya glavu, kila Alhamisi. Unga mweupe niliuona. Nilikuwa nikitafuta nepi.

Alhamisi moja mama alifika bila gunia.

"Ametupa mimba, mwalimu," alisema. "Jana asubuhi. Alikuwa ndama jike."

Daktari wa mifugo alikuwa ameshika konzi ya nyasi kwenye hori, akainusa na kumuuliza alikozitoa.

Jirani zangu walilipokea jambo hili kwa upole mkubwa, na upole wao ndio uliokuwa mbaya kuliko yote. Walichanga, wakatia kwenye bahasha, wakaandika "Pole" kwa nje. Mama wa duka la dawa alisema, "Maskini, na sisi tulikuwa tunamsaidia tu." Jioni hiyo hiyo mwenyekiti alibandika tangazo juu ya karatasi yangu: ni marufuku kuchukua chochote kwenye pipa, kwa usalama wa umma. Hakuna aliyeuliza kama sasa geti lingefunguliwa. Walikuwa na huruma ya kutosha bahasha moja, nayo ilikuwa imeshafungwa.

Nilikataa kuipeleka. Nilishuka bondeni mikono mitupu. Mama alikuwa akifagia boma, na ng'ombe amesimama pembeni, mbavu nje, akilamba ukuta wa mbao. Alinipa kigoda. Akaniomba nimweleze, kwa sababu daktari alizungumza haraka naye hakutaka kuonekana mjinga.

Nikamweleza. Joto, unyevu, kifuniko, kuvu, mimba. Nilieleza polepole, kwa mpangilio, na yeye akasikiliza akiwa ameegemea ufagio.

"Mimi niliona zimebadilika," alisema. "Nikajiambia, kama zingekuwa mbaya, mwalimu angesema. Tena ulikuwa umetupigania. Ningeanzaje kukwambia nyasi zako zinanuka?" Kisha akaniuliza, si kwa ukali, bali kama mtu anayetaka kuweka jambo mahali pake: "Kwa hivyo haya yote ulikuwa unayajua tangu mwanzo?"

"Nilikuwa nayajua."

Akatikisa kichwa kukubali. Akachukua panga, akaenda kukata shina la mgomba, kwa kuwa hakuwa na kingine cha kumlisha ng'ombe siku hiyo. Nilimfuata. Alikata vipande, akavipanga, akanitazama akiwa na mzigo nusu mkononi, asijue kama ni adabu kunipa. Nikanyoosha mikono.