Mdomo wa Mashine Ulioelekea Benchi

Taka-taka-taka-pwaaa! Sauti ile bado iko masikioni mwangu, pamoja na kicheko cha mtoto mmoja. Nawasimulia huku nimejifunika uso kwa kanga, maana hata leo nikipita sokoni Masama kuna mama akiniona huvuta blauzi yake pembeni.

Fundi Elia, bosi wangu pale karakanani, alitengeneza mashine ya mota moja na vichwa vitatu: unafunga kimoja inamenya kahawa, unabadili inakata migomba ya kulisha ng'ombe, unabadili tena inasaga mahindi. Mimi nilikuwa wa kufagia. Ila kwa ndoto zangu (shule iliishia kidato cha pili, ndoto hazikuishia) nilimsumbua mpaka akasema, "Haya Manka, Jumapili akina mama wa chama wanakuja kuiona. Panga wewe hatua zote. Wakinunua, kupanga ndiyo kazi yako, ufagio nitampa mwingine."

Nikapanga kwa chaki ukutani. Nikaona kila akifunga kichwa cha migomba fundi anafungua na mdomo wa kutolea, anaugeuzia shambani, nati nne kufungua, nne kufunga. Nikasema huo ni uzee! Nikaifuta hatua hiyo. Mdomo ubaki kama ulivyo kwenye kahawa, unatazama benchi la wageni, wazione punje vizuri.

Wakaja moja kwa moja kutoka misa, sare nyeupe pee. Kahawa ikatoka safi, vigelegele, nikabadili kichwa upesi, nikapata na muda wa kuinama kuwashukuru (jamani!), nikasukuma kipande cha mgomba ndani.

Utomvu wa mgomba mnaujua, haufuliki. Vipande na utomvu vikawarukia wote, benchi zima likawa zizi. Nikazima mashine, nikanyakua kitambaa nimfute mwenyekiti, Mama Aneti, huku nikisema, "Shikamoo mama, samahani mama, shikamoo," kumbe kitambaa chenyewe ni kile cha grisi.

Mama Aneti akatoa kipande cha mgomba sikioni.

"Fundi Elia, mashine inakata, tumeona wenyewe. Tunainunua. Ila huyu aliyepanga, msituletee."

Mahindi hatukuyafikia. Fundi alinirudishia ufagio.

Kuota sijaacha, ila nimeapa: hatua ya aliyenitangulia siifuti kabla sijamuuliza aliiweka kwa nini. Kesho yake nilifungua karakana kabla hajafika mtu, nikaiandika tena ile hatua ukutani, kisha nikaketi pale alipokuwa ameketi Mama Aneti, nikautazama ule mdomo.