Hoja ya Dada

Marehemu dada yangu alifundisha fasihi miaka ishirini, na hakuwahi kusahihisha insha akiwa ameketi. Alizunguka meza, kalamu mkononi, akifoka: "Mwanangu, hadithi nimeisoma, usinisimulie! Niambie hoja yako, kisha unionyeshe mstari unaoithibitisha."

Siku ya kumzika, nilipaswa kusoma wasifu wake kanisani. Tangu alfajiri sikukalika. Nilichana karatasi nne, kila moja ikianzia kuzaliwa kwake na kuishia hospitalini. Mumewe akachungulia. "Shemeji, bado unasimulia tu? Angekupa sifuri."

Nilicheka, machozi yakanitoka. Nikamwomba Mungu, nikaandika: Dada hakumkatia tamaa mtu yeyote. Ushahidi wa kwanza ni mimi, niliyefeli mtihani mara mbili, naye akanifundisha upya jikoni kwake.