Ute wa Hermelinda

Nimeuza na Hermelinda mpungate, ule mmea wa miiba unaoliwa majani, soko la Milpa Alta huku Meksiko tangu tungali wasichana, meza kwa meza, na sijaona mkono wa kisu kama wake. Miiba inaruka, jani linabaki laini bila kovu. Lakini jina hasa alilipata jikoni. Kwetu huku mpungate wenye ute ni aibu ya mwanamke mvivu, kwa hiyo tunauchemsha na kitunguu, tunamwaga maji, tunausuuza mpaka uache kuteleza. Wa Hermelinda haukuvuta hata uzi mmoja. Kila sikukuu ya mtakatifu wetu, sufuria ya mpungate ilikuwa yake, asiguse mtu.

Basi mumewe, Eleuterio, akapatwa na sukari, kidole cha mguu kikaanza kuwa cheusi. Daktari akampa dawa, akamwambia Hermelinda kwamba ule ute anaoumwaga ndio unaochelewesha sukari ya chakula kuingia damuni. Dawa asiache, na mpungate ale na ute wake.

Dawa Eleuterio alimeza. Ute, thubutu! Alisema yeye si wa kulishwa makamasi, na sahani ya mgonjwa haitawekwa mbele yake watu wakiona. Hermelinda alibembeleza, akanuna, akalia. Wapi! Nikajisemea, sikio la kufa ndilo hili.

Sikukuu ikafika. Nikafunua sufuria yake ili nigawe, mwiko ukainuka na nyuzi za ute. Nikamnong'oneza, "Shoga, umesahau kusuuza?"

"Sijasahau."

Ubalda, jirani yetu aliyeimezea mate heshima ya sufuria ile miaka nenda rudi, akasema kwa sauti kwamba uzee umeingia jikoni kwa Hermelinda. Meza nzima ikacheka. Mimi nilitamani kumtandika mwiko wa kichwa, Mungu anisamehe. Hermelinda alijipakulia sahani ikajaa, akaketi kando ya mumewe mbele ya kijiji kizima, akala, ute ukimning'inia kidevuni. Jina la maisha yake yote alilimwaga pale, nami nikaona fahari kuitwa rafiki yake.

Eleuterio akamfuta kidevu kwa kiganja chake, akanisogezea sahani yake.

"Nipakulie na mimi," akasema. "Wa chini, kwenye ute mwingi."