Msukuma Aliyejificha Mwananyamala

Huyu Tekla, jamani, alikuwa anasomea watu. Si udaktari, si ualimu. Watu wenyewe, wanavyokula, wanavyooana, wanavyogombana. Chuoni wanaita anthropolojia. Mama yake kule Shinyanga, majirani wakimuuliza, alikuwa anajibu bila haya kwamba mwanawe anasomea umbea, na karibu atapata shahada yake.

Kazi aliyopewa ilikuwa kukaa Mwananyamala na kuandika jinsi Wazaramo wa mjini wanavyoishi na watani wao. Akapanga chumba kwa Mzee Mfaume na mkewe, Bi Rukaiya, Wazaramo wa kuzaliwa hapo hapo. Mzee huyo kila akiingia ndani anakohoa kwanza, kisha anazima taa, eti umeme wa Luku unakwisha. Msimamizi wake, Dokta Erasmus, alimwambia wazi: "Ukirudi hapa bado ni mgeni kwao, hiyo kazi siipokei."

Basi msichana akaogopa, na akili za woga unazijua. Alikuwa amesoma mahali kwamba mtafiti hatakiwi kuegemea upande, akaona dawa ni kuficha kabila. Msukuma mzima! Mtani wa Wazaramo tangu enzi za mababu, mtu ambaye angeingia nyumba yoyote pale, akamtukana mwenye nyumba, na bado akapakuliwa chakula! Akiulizwa kwao wapi, anajibu, "Mie Mtanzania tu, mama." Hivi kweli! Amekuja kutafuta watani, na mtani mwenyewe ndiye yeye.

Mtaa ukamstahi mpaka ukapitiliza. Akipita, mazungumzo yanakatika. Akikaribishwa, vinatolewa vikombe vya kabatini. Akiuliza kuhusu utani, anaambiwa, "Utani ni jambo zuri, unadumisha amani," kama vile anayejibu yuko mbele ya mkuu wa wilaya. Jirani mmoja, Naima, alidhani ni mtu wa idara ya maji. Akimwona tu, anakimbilia kufunika bomba lake lisilo na mita kwa khanga. Tekla alikuwa anaingia chumbani kulia, anajipangusa, kisha anatoka tena na tabasamu lake la utafiti.

Ndipo Mzee Mfaume akafariki. Aliamka analalamika kifua, adhuhuri hakuwepo. Wanaume wakaenda kuzika. Ndani wakabaki wanawake na Bi Rukaiya, ameegemea ukuta, halii, hasemi, hali. Uji unaletwa, unapoa, unaondolewa. Kesho yake vivyo hivyo.

"Angekuwepo mtani hapa," Naima alinong'ona, "angeshamwigiza marehemu, akamchokoza huyu mpaka akala. Watani wetu wote wamehamia Tegeta, simu zenyewe hawapokei."

Tekla alikuwa pembeni, anasikia. Akifungua mdomo, mtaa mzima utajua kwamba aliwadanganya, watamfukuza, na kazi ndiyo imekwisha. Akinyamaza, mama wa watu hali. Akamtazama Bi Rukaiya, midomo imemkauka. Akanyanyuka, akatoka.

Alirudi amevaa kanzu ya marehemu, inaburuza sakafuni, na kofia imemfunika masikio. Akakohoa kile kikohozi cha Mzee Mfaume cha kutangaza kwamba anaingia, akaenda moja kwa moja ukutani, akazima taa.

"Luku! Luku inakwisha! Kulia nako mpaka muwashe taa? Machozi mnayasoma?"

Mtu mmoja akasema, "Astaghfirullah." Naima akainuka na mwiko.

"Kaa chini, Mzaramo wee!" Tekla akapaza sauti. "Mie Msukuma! Binti Masanja wa Shinyanga! Nimekuja kubeba mali za mtani wangu. Nabeba kitanda, nabeba jiko, na huyu mjane aliyenuna nambeba nikamlimishe pamba!"

Bi Rukaiya akageuza kichwa taratibu.

"Msukuma?"

"Msukuma, mama."

"Siku zote hizi natoa vikombe vyangu vya arusi, kumbe namnywesha Msukuma?"

Kicheko kikamtoka, kikubwa, mpaka khanga ikamdondoka kichwani. Chumba kizima kikapasuka. Naima akawa anapiga sakafu kwa mwiko. Huyu akamtukana Tekla kichwa, yule akamtukana miguu, mwingine akauliza kama kwao wanaoga, na Tekla akawarudishia yote bila kubakisha. Alikuwa hajawahi kutukanwa kwa raha namna ile maishani mwake. Uji ukaletwa wa moto. Bi Rukaiya akaunywa huku anacheka, huku anamtusi, na katikati ya kutusi machozi yakaja.

Wanawake wengine wakatoka kwenda kupika. Tekla akashika pindo la kanzu aivue.

"Usivue," Bi Rukaiya alisema. Akamvuta akae karibu, akamlalia begani, akafumba macho. "Hebu kohoa tena kidogo, mwanangu."

Tekla akakohoa.