Jiwe la Baba Lililotoka Juu

Miaka michache kabla ya uhuru, Mzungu mmoja alizunguka Bukavu akikusanya mawe yaliyoanguka kutoka angani. Aliyaita vipande vya nyota. Sisi wa mtaa wa Kadutu tulicheka mpaka mbavu zikauma: watu wa Shabunda wanachimba dhahabu chini, huyu anatafuta mali juu!

Baba hakucheka. Yeye alikuwa na jiwe la namna hiyo. Alisema kwamba kabla sijazaliwa, mchana mweupe, ngurumo ilipiga bila wingu, na jiwe jeusi likatua katika shamba lake la mtama kule Kabare, likiwa bado la moto. Baba alikuwa katekista. Majirani wakigombana, neno lake ndilo lililomaliza ugomvi. Basi hakuna aliyethubutu kulitilia shaka jiwe, ingawa wengi walitamani sana.

Mzungu akaja kwetu, mtaa mzima nyuma yake. Akalisogezea sumaku, ikanasa. Tukapiga vigelegele. Kisha akakata kipande kwa msumeno, akatazama ndani, akatikisa kichwa. Kulikuwa na matundu na chembe za makaa.

"Hii iko takataka ya muhunzi," alisema. "Haikutoka juu."

Na kweli, mashamba ya Kabare yamejaa mabonge kama hayo, masalio ya wahunzi wa zamani. Mtu akacheka. Baba akatazama viatu vyake. Nilitamani ardhi inimeze.

Ndipo mama akatoka jikoni, mikono imejaa unga.

"Ni miye nililibadilisha," alisema. "Kitu ya radi hailalake mu nyumba yenye iko na batoto. Ile ya kweli nilitupa mu ziwa, pale mitumbwi ya kisiwa ya Idjwi inafikaka. Nikaweka hii ya muhunzi, ifukuze radi."

Watu wakaguna, wakaelewa. Mama zao wangefanya vilevile. Baba hakuwa mwongo tena. Akawa mume aliyechezewa na mkewe, na siku nyingi hakumsemesha wala hakugusa ugali aliopika.

Mimi nilichanganyikiwa kabisa. Jiwe lile lilinipasua kidole cha mguu kabla sijaanza shule, na siku ya Mzungu ncha yake ilikuwa ileile. Mama alilibadilisha lini basi? Na baba angekosaje kulitambua jiwe lake? Na kama hakuna lililobadilishwa, kule shambani aliona nini? Kila nilipopata jibu, lilinipa swali lingine. Hata leo.

Jumapili moja baada ya misa, baba akamwambia mama, "Twende, unionyeshe."

Mama akashuka mbele yetu hadi ziwani. Akaipita mitumbwi ya Idjwi bila kuitazama, akaenda mbali, mpaka kwenye mwamba mmoja, akanyoosha kidole.

"Ni hapa, papa," akamwambia baba.

Nikafungua mdomo kutaja mitumbwi. Baba akanibana mkono mpaka ukauma.

"Nyamaza. Mama yako anajua kwenye alilitupa."

Kisha akamgeukia mama.

"Bugali iko?"