Baba, Fundi Salim na Ngeli ya Mungu

Harufu ya kitambaa chenye unyevu kinapopigwa pasi ya makaa hunirudisha utotoni kabla sijapata nafasi ya kukataa. Wiki iliyopita nilikuwa sokoni Kibuye nikitafuta zipu ya sketi ya binti yangu, nikapita karibu na fundi aliyekuwa akinyoosha kola ya shati. Mvuke ukapanda, moshi kidogo, sabuni kidogo, na ile harufu ya pamba inayokaribia kuungua. Nikasimama. Fundi akadhani nataka kushonewa, akaanza kunipima kwa macho. Maskini, hakujua kwamba mteja wake ana miaka kumi, amekaa chini ya meza ya kukatia nguo kule Nyamasaria, anasikiliza wanaume wawili wakibishana kama Mungu yuko.

Mmoja wa wanaume hao alikuwa baba yangu. Alikuwa mwalimu wa sayansi wa shule ya msingi, mrefu, mwembamba, mpenda sweta hata jua likiwaka. Baba hakuamini kwamba Mungu yuko, na kwa mtaa wetu hilo lilikuwa jambo la kuhadithiana, kama vile mtu kufuga chatu. Mwingine alikuwa Fundi Salim, mshonaji mwenye kibanda kando ya barabara ya Nairobi. Babu yake alikuja Kisumu na wafanyabiashara kutoka pwani, akaoa huku, akabaki. Fundi alikuwa mfupi, mwenye tumbo dogo la duara ambalo lilikaa mbele ya cherehani kama mteja wa kwanza kwenye foleni. Swala hazikumpita.

Walikutana kila Jumamosi baada ya adhuhuri. Baba alibeba njugu karanga kwenye karatasi, Fundi alichemsha chai ya tangawizi, na mimi nikabebwa kwa sababu Mama alikuwa na mazoezi ya kwaya kanisani. Mama hakupenda mabishano yale, lakini alisema afadhali Baba azungumze habari za Mungu, hata kama ni kwa kumkana, kuliko anyamaze kabisa.

Walibishana kwa Kiswahili kwa sababu ndiyo lugha waliyokutana ndani yake. Kiswahili cha Fundi kilikuwa kimenyooka kama mshono wake. Cha Baba kilikuwa cha huku kwetu, na akipandwa na hasira ngeli zote zilimtoroka.

"Kama Mungu iko," alisema siku moja, "ilikuwa wapi wakati mto umekula nyumba za watu?"

"Yuko. Alikuwa," Fundi akamrekebisha, bila kuinua macho kwenye pindo. "Mungu huenda na a-wa, Mwalimu."

"Mti, miti. Mungu, miungu. Kwa nini isiwe ilikuwa?"

"Kwa sababu ana uhai."

"Hapo umeiba, bwana! Unamweka kwa ngeli ya walio hai kabla hujanionyesha kama yuko. Thibitisha kwanza, halafu ndio unipatie ngeli."

Fundi akasimamisha cherehani. "Umesema unamweka. Umesema yuko. Ulimi wako umeshaamini, umebaki wewe."

Baba alicheka hadi chai ikamtokea puani.

Mimi chini ya meza nilikuwa na kopo la vifungo. Baba akishinda hoja niliweka kifungo upande wa kushoto, Fundi akishinda niliweka kulia. Haikuwa kazi rahisi. Fundi alishika shati akauliza kama kuna mwenye akili anayeweza kudai limejishona lenyewe. Na jicho la mtoto huyu, ambalo ni la ajabu kuliko shati, je? Nikaweka kifungo kulia. Baba akajibu kwamba shati tunajua lina fundi kwa kuwa tumewaona mafundi wakishona mashati, lakini nani aliwahi kusimama pembeni akaona dunia ikishonwa? Kifungo kushoto. Halafu akaongeza: "Na mbu alishonwa na nani? Hiyo kazi ni ya fundi gani?" Hapo nikaongeza kifungo cha pili kwa Baba.

Hoja niliyoipenda mimi ilikuwa ya fundo. Fundi alitunga uzi kwenye sindano, akapitisha kwenye kitambaa, akavuta, uzi wote ukatoka. "Unaona? Bila fundo mwanzoni, hakuna kinachoshika. Kila jambo limeshikwa na lililo nyuma yake, na hilo na lililo nyuma yake. Lazima mahali fulani pawe na fundo."

"Na fundo alifunga nani?" Baba akauliza.

"Hilo halifungwi na mtu."

"Basi kama kuna kitu kinaweza kukaa bila kufungwa, kwa nini isiwe ni dunia yenyewe?"

Nikabaki na kifungo mkononi, sijui nikiweke wapi. Hadi leo.

Sasa niwaambie jambo ambalo jirani zetu walilijua bila kuambiwa. Jina langu ni Adongo. Kwetu Wajaluo, Adongo ni msichana aliyezaliwa wa pili katika pacha. Wa kwanza huitwa Apiyo. Kwa hiyo mahali popote nilipotaja jina langu, mtu aliniuliza, "Na Apiyo?" Apiyo alikufa kwa malaria tukiwa na miaka mitano, akazikwa nyumbani kwa babu, huko Pap Onditi. Namkumbuka kwa vipande: kisigino chake kikinikanyaga kitandani, sauti yake ikiniambia nisogee. Nyumbani kwetu jina hilo halikutajwa. Baada ya matanga Mama alikunja nguo za dada yangu, na Baba, ambaye nimeambiwa alikuwa akisoma Biblia mbele ya kanisa kila Jumapili, hakukanyaga tena kanisani.

Jumamosi moja mabishano yalichacha. Baba alikuwa amesema kwamba kitu kisichoonekana, kisichosikika, kisichoguswa, hakina tofauti na kitu kisichokuwepo. Fundi alikuwa na joto la ushindani. Aliangaza huku na huku akitafuta mfano, macho yake yakaniangukia mimi.

"Mwalimu," akasema, "mgeni akija hapa leo, asikie mtoto huyu anaitwa Adongo. Si atajua papo hapo kwamba kuna Apiyo, hata kama hajamwona?"

Cherehani ilikuwa imesimama. Nilisikia maji yakichemka kwenye sufuria.

Baba aliweka kikombe chini taratibu sana. "Atajua," akasema. "Halafu atauliza yuko wapi. Wewe umjibu." Akanishika mkono, tukaondoka. Njugu tuliziacha mezani.

Hatukurudi Jumamosi iliyofuata, wala ile nyingine. Baba alikaa nyumbani akisahihisha madaftari ambayo nilijua ameshayasahihisha. Nami nilikuwa na siri ya aibu: nilikuwa nimefurahi. Mtu alikuwa amelitaja jina la dada yangu kwa sauti, mchana, mbele za watu, tena kama jambo lililothibitishwa. Siku moja nikitoka shule nilipita kwa Fundi peke yangu, nikamuuliza, "Kwa hiyo Apiyo yuko?"

Alitoa pini mdomoni moja moja, akazichomeka kwenye mto wake. Macho yake yalikuwa mekundu.

"Nilikosea, mwanangu," akasema. "Nilichukua kitu cha baba yako nikakitumia bila ruhusa."

Nikamwambia Apiyo alikuwa wangu pia. Akaniangalia, akasema, "Kweli. Basi nimewakosea wawili."

Mvua za Aprili zilipoanza, Mama alikwenda Port Victoria kwa dada yake aliyejifungua. Tukabaki mimi na Baba. Siku ya tatu niliamka na kichwa kizito, na kufika mchana meno yangu yalikuwa yakigongana chini ya blanketi mbili. Baba aliniwekea mkono shingoni, akauondoa haraka kana kwamba amegusa sufuria. Nilimsikia akisema, "La, la, la," polepole, kama mtu anayemkataza mtoto.

Alinibeba mgongoni hadi barabarani. Mto ulikuwa umefurika, maji ya rangi ya chai yamekata barabara, na magari yalikuwa yamepanga mstari yasiweze kuvuka. Fundi alituona kutoka kibandani. Nakumbuka alikuja akikimbia, mtu ambaye sikuwahi kumwona akikimbia, na mkononi ameshika satini nyeupe ya gauni la arusi la mteja, maana ndiyo aliyokuwa anashona. Hakusalimu. Alinifunika nayo kichwani mvua isininyeshee, akaingia majini mbele yetu, akipapasa kwa miguu palipo na lami.

"Nifuate mimi, Mwalimu. Kanyaga ninapokanyaga."

Maji yaliwafika kiunoni. Upande wa pili wakapata mwenye pikipiki. Baba alinipakata, na Fundi akaja nyuma kwa miguu; alifika hospitali amelowa hadi kofia.

Ya hospitalini nayakumbuka kama mtu anayechungulia kupitia pazia. Chupa ya maji imening'inia. Muuguzi akisema tusubiri dawa ifanye kazi. Mwanga wa jioni dirishani. Baba kwenye kiti upande mmoja, akinipangusa uso kwa kona ya ile satini, na Fundi upande mwingine. Kisha sauti ya Baba, ambayo ilikuwa ndogo mno kwa mwili wake.

"Fundi. Wewe omba."

Fundi akageuka kumtazama.

"Mimi siwezi. Nikiomba nitakuwa nadanganya, na sitaki kudanganya mbele ya huyu mtoto. Lakini wewe unaamini. Omba."

"Nikiomba, utakaa?"

"Nitakaa."

Fundi akafungua viganja, akaanza kwa sauti ya chini, maneno nisiyoyaelewa na mengine niliyoyaelewa, na jina langu likiwa katikati yake. Baba hakuinamisha kichwa. Hakufumba macho. Aliendelea kunipangusa, paji, mashavu, shingo, akirudia, na nikalala katikati ya vitu hivyo viwili, ile sauti na ule mkono.

Nilipona. Siku ya nne nilirudi nyumbani nikidai samaki. Mama alisimama kanisani akashuhudia, akina mama wakapiga vigelegele. Na Jumamosi iliyofuata Baba akafunga njugu kwenye karatasi, akavaa sweta.

Fundi alipotuona alisimama. "Mwalimu, lile neno la siku ile..."

"Wacha," Baba akasema, akiketi. "Lakini ilikuwa hoja mzuri."

"Hoja nzuri."

"Nzuri," Baba akakubali. Halafu, akiangalia barabarani, akasema, "Apiyo hakuwa anapenda njugu. Alikuwa anamenya anampatia huyu." Ilikuwa mara yangu ya kwanza kusikia jina hilo kinywani mwake tangu matanga. Fundi akauliza alikuwa akipenda nini basi. Baba akamwambia. Walizungumza habari za dada yangu hadi chai ikapoa, kisha wakarudi kwenye kubishana.

Sasa mimi nilikuwa nasubiri. Nilijua Fundi ana hoja ambayo Baba hawezi kuijibu: ameomba, na mtoto amepona, na Baba mwenyewe ndiye aliyemtuma. Jumamosi ya kwanza hakuisema. Ya pili hakuisema. Ya tatu Baba alipotoka kidogo kusalimiana na mzazi wa mwanafunzi wake, nilichomoka chini ya meza.

"Fundi, kwa nini humwambii? Uliomba nikapona. Umeshinda!"

Alinitazama kwa upole, akavuta kitambaa chini ya sindano. "Hilo si la kubishania," akasema, na cherehani ikaanza kunguruma. Nilirudi nimenuna. Nilimwona mbishi hafifu, aliyesahau silaha yake nyumbani.

Waliendelea hivyo kwa miaka kumi na moja. Hakuna aliyembadilisha mwenzake. Fundi alipofariki, Baba alikuwa wa kwanza kufika makaburini, akashika jeneza, kisha akarudi nyuma wakati wa dua akasimama wima, macho wazi, kama alivyokaa hospitalini.

Jioni ya siku ile ndipo Mama aliponieleza walivyofahamiana. Apiyo alipougua, Baba aliomba siku tatu bila kula, magoti sakafuni, kwa sauti iliyosikika hadi kwa jirani. Siku ya nne alikwenda kwenye kibanda cha kwanza alichokiona barabarani kuagiza gauni jeupe la kumzikia, na fundi alipomwomba vipimo, Baba akaeleza urefu kwa mkono wake, akashindwa kuushusha. Fundi Salim alifunga kibanda, akashona huku Baba amekaa kando yake, na katika kushona huko Baba akamwambia yote: alivyoomba, alichoahidi, na kwamba hakujibiwa.

Kwa hiyo Fundi alijua. Kama angesema kwamba aliomba na mtoto akapona, angekuwa amemwambia rafiki yake kwamba kuna maombi yanayosikika, na kwamba yale ya kwake hayakusikika. Na ninadhani Baba naye alikuwa na hoja yake aliyoizuia. Alizungumza habari za mbu, za mafuriko, za nyumba za watu wengine; ukiondoa siku ile Fundi mwenyewe alipolitaja jina, hata mara moja, katika miaka yote ile, hakumwekea mcha Mungu yule jeneza la Apiyo mezani akamwambia ajibu.

Binti yangu huniuliza nani alikuwa sahihi. Humwambia sijui, na hilo ni kweli. Ninachojua ni kwamba Fundi Salim alikuwa mtu wa kupenda kushinda, na kila Jumamosi nilipoingia pale nikiwa hai, mzima, nikikimbilia chini ya meza yake, alinipisha tu, akamwuliza Baba kama chai aitie sukari.